Maji ya Toronto Katika Mtungi wa Bibi

Ndugu msomaji, nakuomba kwanza tuingie kwenye dungu la bibi yangu, ng'ambo ya mto Kilombero, upande wa Minepa. Dungu ni kibanda cha miti na nyasi kilichoinuliwa juu ya nguzo. Mkulima wa mpunga hulala humo miezi kadhaa ya msimu, akilinda shamba dhidi ya ndege na nguruwe pori, na siku mbaya, tembo. Chini ya dungu, penye kivuli, kuna mtungi. Ndani ya mtungi kuna mchanga uliolowa, na katikati ya mchanga kuna chungu kidogo kilichofunikwa kitambaa chenye maji. Mgeni akifunua anategemea kukuta maji ya kunywa. Anakuta kichupa cha kioo, kirefu kama kidole. Hicho kichupa ndiyo roho yangu.

Mimi nina ugonjwa wa kisukari, ile aina ya kwanza inayowapata zaidi watoto na vijana. Kila siku najidunga sindano mbili za insulini, moja asubuhi kabla ya chai na moja jioni kabla ya chakula. Nimefanya hivyo tangu mwaka 2015. Siandiki ili unionee huruma. Huruma ninayo ya kutosha nyumbani. Naandika kwa sababu nilipokuwa sekondari nilipenda sana somo la Historia, na katika miaka yote minne sikuwahi kufundishwa historia ya kitu kinachonifanya niamke asubuhi. Tulifundishwa vita, mikataba na reli. Dawa hatukuigusa. Nikaamua kuitafuta historia hiyo mwenyewe, kitabu hapa, jarida pale, na nilichokikuta ni hiki: dawa ina historia mbili. Kuna historia ya kuvumbuliwa, na kuna historia ya kufika. Vitabu vinaisifu ya kwanza. Sisi watu wa bondeni tunaishi katika ya pili.

MAJI YA KWANZA

Bonde letu lina habari zake za zamani na dawa ya maji. Kila aliyesoma Tanzania anamjua Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, na wengi wetu tumekutana naye tena katika tamthiliya ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969. Mwaka 1905 watu walipewa dawa ya maji yaliyochanganywa na mbarika na mtama, wakaambiwa risasi za Wajerumani zitageuka maji. Vita vilianza Umatumbi mwishoni mwa Julai. Kabla Agosti haijaisha, dawa ilikuwa imeshavuka mito na mapori hadi huku kwetu. Wambunga wa Ifakara na Wapogoro wa Mahenge waliipokea, na tarehe 30 Agosti 1905 wapiganaji wakaiendea ngome ya Wajerumani pale Mahenge. Bunduki za rashasha zilikuwa zinawasubiri. Baada ya vita ikaja njaa, nayo ikaua wengi kuliko risasi.

Simcheki mzee yeyote aliyepaka maji yale. Mtu aliyefungwa kamba ya pamba na kodi alihitaji kuamini kitu. Ninachotaka ukitazame ni mwendo wa ile dawa. Hapakuwa na gari, simu wala reli. Ilibebwa na wajumbe kwa miguu, kijiji hadi kijiji, na katika wiki chache ikaenea kusini nzima, kwa Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wambunga, Wangoni. Dawa ile ilifika kila mahali ila haikufanya kazi.

Sasa linganisha na maji yangu mimi, haya ya kwenye kichupa. Haya yanafanya kazi. Nayashuhudia mimi mwenyewe asubuhi na jioni. Shida yake ni kufika.

SISIMIZI

Masika ya mwaka 2015 nilikuwa na miaka 15. Likizo ilinikuta shambani kwa bibi. Nilianza kwa kiu. Nilikuwa namaliza ndoo ya maji kama ng'ombe aliyetoka malishoni, kisha usiku kucha napanda na kushuka ngazi ya dungu kwenda kukojoa. Nilikula kama mtu wa kibarua, lakini suruali ikawa inanivuka. Siku moja asubuhi bibi akaniita nyuma ya dungu, pale ninapokojolea. Sisimizi walikuwa wamejipanga mstari.

"Mume wangu," akasema, maana ndivyo anavyoniita kwa utani, "siku hizi unakojoa asali?"

Bibi hakukaa darasani hata siku moja. Lakini waganga wa India ya kale waliuona mkojo huo huo ukivutia sisimizi huo huo, wakauita ugonjwa huu madhumeha, yaani mkojo wa asali. Huko Uingereza, katika karne ya 17, daktari Thomas Willis aliuonja mkojo wa wagonjwa kwa ulimi na kuandika kwamba ni mtamu. Mwaka 1776 Matthew Dobson aliuchemsha mpaka ukakauka, akabaki na unga mweupe, nao ulikuwa sukari. Kwa hiyo bibi yangu alikuwa katika njia moja na wataalamu wa miaka elfu mbili. Tatizo ni kwamba kuujua ugonjwa si kuwa na dawa yake, na wale wote wa kale waliishia hapo hapo alipoishia bibi.

Nilipoanza kutapika nikapelekwa zahanati moja ya jirani. Wakasema malaria. Nikapewa dawa ya malaria na kutundikiwa dripu, na dripu yenyewe, nilikuja kujua baadaye, ilikuwa ya sukari. Siwataji, na kwa kweli siku hizi sina kinyongo nao. Katika bonde la Kilombero kijana akitapika na kulegea, mtu wa kwanza kushitakiwa ni mbu, na mara nyingi mbu kweli ndiye mwenye hatia. Ila safari hii alisingiziwa.

Usiku wa siku ya pili nilianza kupumua haraka haraka kama niliyekimbizwa. Pumzi yangu ilinuka kama embe lililovunda. Baba mdogo akanibeba kwenye baiskeli hadi kivukoni. Wakati huo daraja lilikuwa bado linajengwa, lilikuja kufunguliwa rasmi mwaka 2018, na pantoni haikuwa inavuka usiku. Tukakaa ukingoni. Mbele yetu taa za ng'ambo zilikuwa zinaonekana kabisa, hata muziki wa mtu fulani tulikuwa tunausikia. Kati yetu na dawa kulikuwa na maji tu, mto mmoja uliojaa, na usiku mmoja. Mpaka leo nikisikia mtu anasema "dawa ipo" huwa namwuliza: ipo upande gani wa mto?

Asubuhi tulivuka. Mjini muuguzi alinitoboa kidole, akaweka tone la damu kwenye kijiti, akatazama kipimo, akamtazama mama.

"Mama, mtoto ana sukari. Iko juu sana."

"Sukari?" mama akashangaa. "Dada yangu, sisi hata chai ya sukari hatunywi kila siku!"

Mama hakuwa na kosa. Jina lenyewe linadanganya. Kisukari changu hakikutokana na kulamba sukari. Nyuma ya tumbo kuna kiungo kiitwacho kongosho, na ndani yake kuna vikundi vya chembe hai zinazotengeneza insulini. Insulini ndiyo inayofungua mlango ili sukari itoke kwenye damu iingie mwilini ikafanye kazi. Kwa watu wa aina yangu, askari wa mwili wenyewe wanakosea adui, wanaziua zile chembe. Sukari inajaa kwenye damu huku mwili unakufa njaa, kama mtu aliyekaa juu ya gunia la mchele bila jiko. Mwili unaanza kuunguza mafuta yake, na moshi wa moto huo ni asidi. Ndiyo ile harufu ya embe, na ndiyo pumzi ile ya mbio. Bila insulini, mwisho wake ni mmoja.

DOLA MOJA

Mwaka 1889, wakati Wajerumani wanaanza kujikita pwani yetu, wataalamu wawili huko Strasbourg, Oskar Minkowski na Joseph von Mering, walimtoa mbwa kongosho, na mbwa yule akapata kisukari. Hapo ikajulikana siri iko wapi. Lakini ilipita miaka zaidi ya 30 bila mtu kuweza kuitoa ile siri kwenye kongosho ikiwa nzima. Katika miaka hiyo tiba iliyokuwepo ilikuwa njaa. Daktari Frederick Allen wa Marekani aliwapa watoto chakula kidogo mno ili sukari isipande. Waliishi muda mrefu kidogo zaidi, wakiwa mifupa.

Kiangazi cha mwaka 1921, huko Toronto, Kanada, Frederick Banting na Charles Best walianza majaribio yao katika maabara ya Profesa J.J.R. Macleod. Banting alikuwa na miaka 29. Best alikuwa na miaka 22, kijana kabisa kama wewe unayesoma hapa. Baadaye akaongezeka James Collip, fundi wa kusafisha dawa. Tarehe 11 Januari 1922 sindano ya kwanza alidungwa mtoto wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa amebakiwa na kilo 30 hivi. Dawa ilikuwa chafu, haikumsaidia sana. Collip akaisafisha tena, na tarehe 23 Januari wakarudia. Sukari ikashuka. Leonard akainuka.

Wavumbuzi waliiuza haki ya uvumbuzi wao kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja kila mmoja. Hawakutaka dawa iwe mali ya mtu. Mwaka 1923 Banting na Macleod wakapewa Tuzo ya Nobel; Banting akagawana fedha zake na Best, Macleod akagawana na Collip. Hii ndiyo sehemu inayosimuliwa, na inastahili kusimuliwa.

Lakini subiri kidogo. Mwaka huo huo wa 1922 dawa ilikuwa kidogo na wanaoihitaji walikuwa wengi. Mmoja wa walioipata mapema alikuwa Elizabeth Hughes, binti wa Charles Evans Hughes, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani. Alipelekwa Toronto mwezi Agosti akiwa na uzito wa kilo 20 hivi, karibu anatimiza miaka 15. Aliishi mpaka mwaka 1981, akiwa amedungwa sindano zaidi ya 40,000. Namfurahia Elizabeth kwa moyo wote. Ila najiuliza juu ya watoto waliolala njaa mwaka ule ule bila baba waziri. Na Leonard mwenyewe, mtoto wa watu wa kawaida, alikufa mwaka 1935 kwa nimonia akiwa na miaka 26.

Hata huko Ulaya dawa ilikuwa na safari. Daktari wa Kiingereza, Robin Lawrence, alikuwa mgonjwa wa kisukari anayesubiri kufa Florence, Italia. Mwaka 1923 alipata habari kutoka kwa mwenzake kwamba insulini imefika London, naye akavuka Ulaya kwa gari akiwa hoi. Aliwahi. Mwaka 1934 yeye na mwandishi wa riwaya H.G. Wells, ambaye naye alikuwa na kisukari, walianzisha chama cha wagonjwa. Wells alitumia kalamu yake kuwaita watu wajiunge. Nawaomba waandishi chipukizi wenzangu walikumbuke hilo, maana nitalirudia.

MIAKA MIA YA NJIANI

Je, huku kwetu? Mwaka 1901 daktari Albert Cook wa hospitali ya Mengo, Uganda, aliandika kwamba kisukari huku ni nadra, na kwamba kinaua sana. Sehemu ya kwanza ya maneno yake ilirudiwa na madaktari wengi wa kikoloni kwa miaka mingi: Mwafrika hana kisukari. Sehemu ya pili hawakuitafakari. Ugonjwa unaoua mtoto kwa wiki chache, kijijini, kabla hajafika kwa daktari, utaonekanaje kwenye daftari? Wafu wa namna hiyo walizikwa na majina mengine: homa, tumbo, kurogwa. Mto ule niliolala kando yake ungeweza kuniandika hivyo hivyo.

Ifakara si mahali pasipo na sayansi, usije ukanielewa vibaya. Wamisionari Wakapuchini kutoka Uswisi walituachia hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Mwaka 1949 mtaalamu wa wanyama kutoka Basel, Rudolf Geigy, alifika hapa, na mwaka 1957 ikafunguliwa maabara ya utafiti iliyokuja kukua na kuwa Taasisi ya Afya ya Ifakara tunayoijua leo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 chanjo ya malaria ilijaribiwa kijijini Idete. Mwaka 1997 ukaanza mpango mkubwa wa vyandarua bondeni. Kuna watoto wengi wa rika langu walio hai kwa sababu ya kazi hiyo, na huenda mimi ni mmoja wao. Ila mji unaojulikana duniani kwa mbu una macho yaliyozoea mbu. Kisukari kilipita mlango wa nyuma.

Watu waliokitazama kwa makini nchini mwetu walikuwa Muhimbili. Katika miaka ya 1980, Donald McLarty, daktari kutoka Uskochi, pamoja na Watanzania akina Andrew Swai, walianza kuhesabu. Mwaka 1989 walitoa matokeo ya vijiji sita: kati ya watu wapatao 6,000 wenye miaka 15 na kuendelea, wenye kisukari hawakufika 1 katika 100. Mwaka 1990 wakatoa habari za wagonjwa wapya 1,250 waliowafuatilia Dar es Salaam kati ya 1981 na 1987. Wengi wa waliofia hospitalini waliuawa na ile asidi niliyokueleza, kitu ambacho insulini hukizuia. Ndipo mwaka 1992 wakauliza swali ambalo mimi nalibeba mfukoni: je, ni lazima kisukari kiwe ugonjwa wa kuua Afrika? Walipiga hesabu, wakaona mgonjwa anayehitaji insulini anagharimu dola 287 kwa mwaka, na asiyeihitaji dola 103. Sehemu kubwa ya fedha za huyu wa kwanza ilikuwa ya kununulia insulini yenyewe.

Dola 287, msomaji. Kwa dawa iliyouzwa kwa dola moja.

Haki ya kusema ukweli inanidai niongeze kwamba mambo yamesogea. Shirika la Afya Duniani liliiweka insulini katika orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu mwaka 1977. Zamani ilikamuliwa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe, tani mbili za viungo vya nguruwe kwa robo kilo tu ya dawa, na Waislamu wengi walikuwa na swali juu yake. Mwaka 1978 wataalamu waliwafundisha bakteria kutengeneza insulini ya kibinadamu, na mwaka 1982 ikaanza kuuzwa. Kliniki zimeongezeka nchini, na zinahitajika: uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta watu 9 katika kila 100 wenye miaka 25 hadi 64 wana kisukari, wengi wao wa ile aina ya ukubwani. Na mimi, nilipougua, niliingizwa katika mpango wa kuwapa watoto na vijana insulini bure. Bila mpango huo usingesoma makala haya.

SUKARI YA KILOMBERO

Sasa nikueleze siku yangu, maana historia bila siku ni kama wali bila mboga.

Saa kumi na mbili asubuhi naviringisha kichupa kati ya viganja. Sikitikisi, nakiviringisha taratibu, mpaka maziwa yaliyotuama yachanganyike na maji. Navuta kwa bomba dogo lenye kifuniko cha rangi ya machungwa. Asubuhi yuniti 24, jioni 12. Kichupa kina yuniti 1,000, kwa hiyo kinanichukua siku 27. Nakuambia hesabu hizi kwa sababu ndizo ninazolala nazo. Mwenzangu anahesabu mshahara, mimi nahesabu mistari iliyobaki kwenye kichupa.

Kichupa kisichofunguliwa kinataka friji. Kilichofunguliwa kinavumilia nje kwa wiki nne hivi, mradi kisipate joto kali. Sasa nieleze, joto kali na Kilombero utayatenganishaje? Nyumbani mjini namtunzia jirani mwenye friji heshima zote. Shambani kuna mtungi wa bibi. Maji yanayokauka kwenye udongo na kitambaa yanaondoka na joto. Haufikii baridi ya friji, lakini ukiingiza mkono unajua umetoka Ifakara. Mwaka mmoja baba mdogo, kwa mapenzi yake, alinisafirishia kichupa ndani ya boksi la barafu pamoja na perege na kambale. Kikaganda. Insulini iliyoganda imekufa, ingawa bado inaonekana nzima. Tuliitupa mimi na yeye tukiwa kimya.

Kulima nako ni hesabu. Insulini ikiwa mwilini na jembe likiwa mkononi, sukari inashuka kama jiwe kisimani. Unatetemeka, jasho la baridi linatoka, maneno yanakwama. Dawa yake ni sukari. Kwa hiyo mimi mgonjwa wa sukari natembea na sukari mfukoni, tena ya kiwanda chetu cha hapo Kidatu. Ukija Ifakara kwa barabara ya Mikumi utayapita yale mashamba ya miwa, utadhani bonde zima limepandwa ugonjwa wangu. Washikaji kijiweni wananiita "Sukari ya Kilombero". Nimelikubali jina. Ni afadhali kuliko siku ya kwanza waliponiona na bomba la sindano nyuma ya kibanda, mmoja akaropoka, "Ah, mwana, kumbe unabwia unga?" Ilinichukua mwezi kulisafisha jina langu.

Na kuna siku duka la kwanza halina, la pili halina, la tatu wanasema njoo Ijumaa. Siku kama hizo namkumbuka Eva Saxl, mkimbizi kutoka Chekoslovakia aliyekwama Shanghai wakati wa Vita Kuu ya Pili. Wajapani walifunga maduka ya dawa. Yeye na mumewe Viktor wakapata kitabu cha tiba kilichoeleza njia ya akina Banting, wakaazima maabara, wakatengeneza insulini kwa kongosho za nyati wa kufugwa. Alinusurika, na wengine wengi walinusurika pamoja naye. Nilipomsimulia bibi akasema na sisi nyati tunao bondeni. Nikamwambia, "Bibi, wa kwetu ni wa porini, yeye ndiye atakayetutoa sisi kongosho."

Tulicheka sana. Lakini mwaka huu kicheko kimepungua kidogo. Nimevuka umri wa ule mpango wa vijana. Kadi yangu imefungwa kwa heshima, nikatakiwa kila la heri. Kwa bei niliyonunulia mwezi uliopita, kichupa kimoja ni siku nne za kibarua cha kupalilia mpunga wa watu. Vijiti vya kupimia damu ni bei zaidi, kwa hiyo napima mara chache na kubahatisha mara nyingi. Kisukari hakikuvuka umri pamoja nami. Mwaka unaokuja nitatimiza miaka 26, umri alioishia Leonard Thompson, na kila nikijidunga nawaza kwamba yeye angalau hakulala kando ya mto akisikia muziki wa ng'ambo.

Ndugu zangu waandishi chipukizi, tunapenda kuandika mapenzi na mauaji, na mimi pia riwaya yangu ina vyote viwili. Lakini H.G. Wells hakuona aibu kuiazima kalamu yake kwa wagonjwa wenzake. Huku kwetu yuko mtoto dunguni usiku huu ana kiu isiyokwisha, na watu wake wanasema malaria, au wanasema jirani kamroga. Mwandishi akiandika tu kwamba kiu, mkojo na kukonda ni sukari, na kwamba mkipimeni damu kidoleni kabla ya kutundika dripu, maandishi hayo yatatembea kwa miguu kijiji hadi kijiji kama yalivyotembea maji ya mwaka 1905. Safari hii yatakuwa yamebeba kitu kinachofanya kazi.

Daraja lipo sasa. Mto hauniwezi tena. Kilichobaki ni mto mwingine, ule wa bei, nao hauna daraja bado.

Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Mimi naomba kwanza hicho kuishi kwingi. Mengi nitayaona tu, na nikiyaona nitawaandikia.